Bundi na Tone la Ganzi

Kila alasiri, kengele ya mwisho ikilia, Bundi hakuelekea nyumbani. Alikatiza uwanja wa shule, akavuka barabara, akaingia kliniki ya macho ambako mama yake alikuwa muuguzi. Hapo alikuwa na benchi lake, chini ya ile chati ya herufi zinazoanza kubwa kama kichwa cha mbuzi na kuishia ndogo kama chawa. Alikuwa ameikariri yote, hata kinyumenyume. Akimaliza kazi za shule, alichukua kitambaa akapangusa viti na madirisha. Siku za Alhamisi alipangusa pia rafu za kabati la dawa, na siku hiyo mama yake alivua ufunguo shingoni na kumkabidhi.

"Mtu mwingine simpi," mama alipenda kusema. "Wewe nakupa kwa sababu mkono wako naujua."

Jina la Bundi hakupewa nyumbani. Alipewa na wenzake wa darasa la sita kwa sababu ya mchezo wao wa kukodoleana. Wawili walikaa kwenye sakafu ya veranda, magoti yakigusana, pua kwa pua, wakatazamana bila kupepesa. Kiranja alihesabu sekunde kwa saa yake ya mkononi. Aliyepepesa kwanza alishindwa, na kwa wiki nzima alibeba mkoba wa mshindi.

Bundi aliwashinda wote isipokuwa mvulana mmoja mwenye macho mapana, yaliyotulia tuli. Huyo walimwita Samaki. Wiki tatu mfululizo Bundi alibeba mkoba wa Samaki, na mkoba wenyewe ulikuwa mzito utadhani umepakiwa matofali.

"Taratibu, hamali!" Samaki alimwambia mbele ya watu. "Kuna daftari humo limelala, usiliamshe."

Darasa zima liliangua kicheko. Bundi naye alicheka, lakini kicheko chake hakikufika mbali.

Alhamisi hiyo, akiwa kwenye benchi lake, aliona fundi wa kuchomelea vyuma akiingia kliniki huku ameshika jicho. Kipande cha chuma, kidogo kuliko punje ya chumvi, kilikuwa kimenasa humo. Daktari, mzee mwembamba mwenye tabia ya kuimba puani akiwa kazini, alimdondoshea fundi matone mawili, akasubiri kidogo, kisha akaligusa jicho lenyewe kwa ncha ya kifaa chake. Fundi hakushtuka. Hata kupepesa hakupepesa.

"Ganzi hiyo," daktari alimwambia. "Kwa robo saa hivi, hata nikikugusa kwa unyoya hutajua."

Moyo wa Bundi uliruka. Dakika chache baadaye mama alimpa ufunguo na kitambaa, kama kawaida. Bundi alipangusa rafu ya kwanza, akapangusa ya pili. Kwenye ya tatu palikuwa na kichupa cheupe, si kikubwa kuliko kidole gumba. Nitakirudisha kesho alasiri, alijiambia. Nani atajua? Akakitumbukiza kwenye kibweta chake cha kalamu.

Ijumaa, kengele ya mapumziko ilipolia, alijifungia chooni. Alikivua kifuniko, kikamponyoka, kikabiringika sakafuni. Alikiokota akakifuta kwa sketi. Akainua uso, akadondosha matone mawili kila jicho. Kwanza yaliwasha. Kisha, taratibu, macho yakawa kama si yake, kama vioo viwili vya dirisha alivyopachikwa usoni. Halafu likaja jambo la ajabu: uchungu mkali ulimshuka kooni. Bundi alishangaa. Dawa ameitia machoni, imefikaje kooni?

Hakuwa na muda wa kuwaza. Veranda ilikwisha kujaa.

"Leo umekuja na macho yako au umeazima?" Samaki aliuliza, akikaa.

"Kaa kimya, utachoka bure."

Kiranja alianza kuhesabu. Upepo ulikuwa ukivuma na kuinua vumbi la uwanja. Kufika sekunde ya sitini, macho ya Samaki yalianza kulengalenga machozi. Sekunde ya themanini, machozi yalimtiririka mashavuni. Ya tisini na nne, akapepesa.

"Ameshindwa!" darasa lilipiga yowe.

Bundi hakupepesa hata hapo. Aliendelea kukodoa, dakika mbili, dakika tatu, watu wakimzunguka na kupunga mikono mbele ya uso wake.

"Huyu si mtu, ni picha!" mmoja alisema.

Hatimaye Bundi alisimama, akayasugua macho kwa ngumi zote mbili, kwa mikono ileile aliyokuwa ameiegemeza kwenye sakafu yenye mchanga. Hakusikia lolote. Alimtupia Samaki mkoba wake, akaingia darasani akicheza.

Katikati ya somo la hesabu, ganzi ilikwisha. Maumivu hayakuja, yalivamia. Ilikuwa kana kwamba mtu amemwekea kipande cha chupa ndani ya jicho la kulia, na kila akipepesa, kipande hicho kilipanda na kushuka. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni. Matone mawili, kimya. Baada ya chakula cha mchana maumivu yalirudi, makali zaidi. Matone mawili tena. Mara hiyo ya tatu ganzi haikufika hata robo saa. Kengele ya mwisho ilipolia, Bundi alivuka barabara akiwa ameshikwa mkono na kiranja, kwa kuwa jicho la kulia lilikataa kufunguka na la kushoto lilikimbia mwanga.

Mama aliangusha faili alilokuwa ameshika.

"Mwanangu! Nani kakufanya hivi?"

"Mchanga tu, mama. Upepo."

Daktari hakuimba. Alimkalisha Bundi mbele ya mashine ya kuchunguzia macho, akamwegemeza kidevu mahali pake. "Sista, nipe ile dawa ya ganzi nimtazame vizuri."

Mama alifungua kabati. Akasogeza chupa moja, akasogeza nyingine, akainama, akatazama mpaka sakafuni.

"Daktari... haipo."

"Haipo vipi?"

"Ilikuwa hapa, rafu ya tatu. Jana umemtilia fundi wa vyuma, nikairudisha kwa mkono wangu."

Daktari alivua miwani. "Sista, kabati hili lina ufunguo mmoja." Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lilimtisha Bundi zaidi. "Unajua kwa nini dawa hii hatumpi mgonjwa aende nayo nyumbani. Niliwahi kumpokea mtu aliyejitilia ganzi kwa wiki nzima, akidhani anajitibu. Jicho lake lilikuwa jeupe kama yai la kuchemsha. Halikuona tena."

Bundi aligusa jicho lake la kulia. Jeupe kama yai. Kibweta kilikuwa mkobani mwake, hatua mbili tu kutoka pale. Akinyamaza, angeweza kukirudisha kichupa nyuma ya rafu watu wakigeuka. Lakini mama alikuwa amesimama wima, mkono umeshika kamba tupu ya ufunguo shingoni.

"Niandike mimi, Daktari," mama alisema. "Mwenye ufunguo ni mimi. Kama imepotea, imepotea mikononi mwangu."

"Nikiandika hivyo, wenye kliniki watakusimamisha kazi."

"Najua."

"Mama!" Bundi alipaza sauti, jicho moja limefumba, machozi yakimwagika. "Si wewe! Ni mimi. Nimeichukua mimi jana. Iko kwenye kibweta changu."

Mama alimgeukia polepole, akamtazama kama mtu anayetazama mtoto wa jirani aliyeingia mlango usio wake. Kisha akakaa kitini. Hakugomba. Laiti angegomba! Alikaa tu, mikono mapajani.

"Umejitilia mara ngapi?" daktari aliuliza haraka.

"Mara tatu. Ya kwanza nilitaka kumshinda Samaki kukodoleana. Nyingine mbili... maumivu yalizidi."

Daktari alifungua kibweta, akakitoa kichupa, akautazama mdomo wake ulioshika uchafu. "Kifuniko kilianguka?"

"Chooni," Bundi alinong'ona. "Nilikifuta."

"Na ulikuwa na mpango gani nacho?"

"Kukirudisha rafuni. Leo."

Mama alijiziba mdomo. Daktari alikitupa kichupa kwenye pipa la taka za hospitali kana kwamba kimemuunguza. "Kesho ningemtilia dawa hiyo mtoto mchanga," alisema. "Ningemtilia uchafu wa choo kwa mkono wangu mwenyewe, huku nikimwimbia."

Bundi alilia kwa sauti.

"Sasa nisikilize. Sitakuongezea ganzi hata tone moja. Jicho lako limetiwa vya kutosha. Itauma. Tazama chini, usiuondoe uso."

Iliuma. Daktari aliishika kope ya juu kwa vinywele vya ukingo wake, akaweka kijiti cha pamba juu yake, akaipindua nje ndani, kama mtu anavyopindua mfuko wa suruali. Bundi hakujua kwamba kope ya binadamu inaweza kupinduliwa. Alishika kingo za kiti kwa nguvu zake zote. Mama alisimama nyuma yake, akamshika kichwa kwa viganja viwili.

"Huyu hapa," daktari alisema. Kwa pamba iliyolowa alitoa punje moja ya mchanga, akamwonyesha. Ilikuwa ndogo mno kiasi cha kutia aibu.

Kisha aligusisha ndani ya kope ya chini kikaratasi chenye dawa ya rangi ya chungwa, inayong'aa kijani palipokwaruzwa, akawasha taa ya bluu, akageuza kioo cha kompyuta upande wa Bundi. Jicho lake lilijaa kioo kizima, kubwa kama sahani. Na juu ya jicho hilo, mbele ya mboni, kulikuwa na mistari ya kijani inayong'aa, mmoja sambamba na mwingine, utadhani paka amepitisha kucha.

"Hilo ni jicho langu?"

"Lako. Hapo mbele pana ngozi angavu, huitwa konea. Ndiyo dirisha unalochungulia dunia. Mchanga ulinasa chini ya kope, na kila ulipopepesa, kope ikauburuta juu ya dirisha. Siku nyingine ungepiga kelele punje ilipoingia tu. Leo ulicheza."

Bundi hakuweza kuondoa macho kwenye ile mistari. "Lakini kupepesa si kulinda jicho?"

"Ndiko kunakolilinda." Daktari alivuta kiti karibu. "Juu ya dirisha lako kuna utando wa machozi, mwembamba kuliko karatasi. Chini yake kabisa kuna ute unaoyashikiza machozi jichoni. Katikati kuna maji. Juu kuna mafuta kidogo, yanayotoka kwenye vitundu vya ukingo wa kope, ili maji yasikauke na upepo. Ukipepesa, kope inaupaka utando huo upya. Usipopepesa, unapasuka, jicho linakauka na kuwasha, na machozi yanamwagika kuja kuokoa. Kama mwenzako alitokwa machozi, hakuwa mnyonge. Jicho lake lilikuwa na akili kuliko lako."

"Daktari, mbona dawa ilinishuka kooni?"

Kwa mara ya kwanza daktari alitabasamu kidogo. "Chungulia kwenye kioo ukipona. Pembeni mwa jicho, upande wa pua, kope ina kitundu. Machozi hupitia humo kwenda puani, kisha kooni. Ndiyo maana ukilia unapenga kamasi. Ulifikiri umejificha chooni, kumbe dawa ilikwisha kukusema mpaka kooni."

Alimtia mafuta ya dawa na kumwamuru arudi kila siku. "Konea hupona haraka ikiachwa ipone. Ungeendelea na ganzi, isingepona." Kisha alichukua kalamu akaandika yote yaliyotokea, bila kuficha: mtoto aliiba dawa, na muuguzi alimpa mtoto ufunguo. Mama hakusimamishwa kazi, lakini alipewa karipio la maandishi. Alilikunja mara nne na kulitia mfukoni.

Siku ya nne mistari ya kijani ilikuwa imetoweka. Bundi alirudi shuleni, na verandani Samaki akaupokea mkoba wake, ikawa mikoba miwili mabegani.

"Nirudishie, unipe na wako," Bundi alisema. "Nilidanganya. Nilitia dawa ya ganzi."

"Wapi? Machoni?" Samaki alitoa macho. "We mzima kweli?"

Bundi alimweleza kuhusu mchanga, mistari ya kijani na yai la kuchemsha. Alipofika kwenye utando unaopasuka, Samaki alianza kupepesa mfululizo kama taa mbovu.

"Unafanya nini?"

"Nafidia," Samaki alisema. "Nina deni la wiki tatu."

Tangu siku hiyo hakuna waliokodoleana tena kwenye veranda ile.

Alhamisi ilipofika, Bundi alikaa kwenye benchi lake bila kuthubutu kugusa kitambaa. Mama ndiye aliyekuja nacho. Ufunguo ulikuwa shingoni, ndani ya sare, hauonekani.

"Mama, bado umenikasirikia?"

Mama alikaa kando yake. "Nilikasirika siku moja. Siku zilizobaki nilikuwa naogopa tu." Alimshika kidevu, akalitazama jicho la kulia, safi, lenye maji yake. "Maumivu ni mlinzi wako, mwanangu. Ulimziba mdomo, mwizi akaingia wewe ukicheza. Na ukweli ni vivyo hivyo. Unauma kutoka, lakini ukiuzuia, anayeharibikiwa ni wewe, na mimi, na yule mtoto mchanga ambaye hata humjui. Jicho lako limepona kwa sababu ulisema siku ileile. Ungesema baada ya wiki, nisingekuwa na la kukufanyia."

Bundi alipepesa. Chozi moja lilimtoka, akahisi jingine likipita ndani, likishuka puani. Akavuta kamasi.

"Haya," mama alisema, akimwekea kitambaa mapajani. "Viti vinakusubiri, na madirisha."

"Na kabati?"

Mama aligusa kifua chake, pale ufunguo ulipokuwa chini ya sare.

"Kabati nitapangusa mwenyewe," alisema. "Mpaka mkono wako niujue tena."