Dozi Isiyoisha

Mwaka 1996, kila asubuhi kabla ya shule, Rukaya alifagia uwanja wa nyumba yao Makambako, akachota maji, kisha akameza kidonge mbele ya mama yake, Bi Hajira. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, na alikuwa na presha.

"Presha!" alicheka Remmy, mwenzake wa darasani. "Shikamoo bibi! Bado mkongojo tu."

Rukaya alicheka naye, lakini yalimchoma. Wiki ya tatu ya dawa, kichwa kilichokuwa kikimsumbua kiliacha kuuma. "Dozi imeisha," alijiambia. Dawa ya malaria ilikuwa hivyo: siku tatu, umepona, basi. Tangu siku hiyo alificha kidonge chini ya ulimi, na mama akigeuka, alikwenda kukitema chooni.

Miezi mingi baadaye, Mwalimu Ambrosi alimwambia asome ubaoni.

"Sioni, mwalimu. Kuna ukungu."

Darasa zima likatazama dirishani. Jua lilikuwa linawaka.

Siku hiyo hiyo mama alimpeleka hospitali Njombe. Daktari Fidelia alimpima presha, akapima mkojo, akammulika ndani ya macho. Hakutabasamu.

"Dawa anameza?"

"Kila siku, daktari. Mbele yangu."

"Namuuliza yeye, mama."

Rukaya alianza kulia. "Nilikuwa natema. Nilidhani dozi imeisha. Na wananiita bibi."

Bi Hajira alimgeukia binti yake.

"Presha haiulizi umri," alisema daktari. "Imeumiza mishipa ya macho yako na figo zako. Macho yatapata nafuu. Sehemu ya figo iliyokufa hairudi. Tutalinda iliyobaki."

Alilazwa siku kumi na mbili. Ukungu ulipungua, haukuisha wote.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, Rukaya alimeza kidonge, akafungua mdomo na kuinua ulimi bila kuambiwa.

"Mama, dozi hii itaisha lini?"

"Daktari amesema tusitegemee iishe. Malaria ni mgeni, hupita. Huyu unaishi naye nyumba moja. Kichwa kisipouma, ni dawa inafanya kazi, si kwamba umepona. Na siku ukishindwa kumeza, niambie. Nitagomba, unanijua. Lakini kugomba kwangu hakuui figo, Rukaya. Uongo umeua."