Punje Zilizozama

Kila siku nikitoka shule nilitupa daftari kitandani, nikanywa uji uliopoa, kisha nikakimbilia bondeni kuamia ndege. Kijiji chetu kiko karibu na Shelui, chini ya barabara ya malori, na kule bondeni kila familia ina jaruba lake la mpunga. Nilipiga debe na kelele ndege wasile masuke, na nilikagua tuta maji yasivuje. Kazi rahisi! Hata mtoto wa darasa la pili angeiweza. Mimi, Evodia wa darasa la sita, ilinishinda.

Jaruba lile lilikuwa la mama. Alilipanda mwezi wa kwanza akiwa tayari anaumwa, amekonda, anapumzika kila baada ya hatua chache. Mbegu yake aliachiwa na bibi yake, mpunga wa zamani wenye harufu nzuri. Wenzake wote walishahamia mbegu za dukani. "Hii ikipotea kwangu, imepotea kabisa," alizoea kusema. Mwezi wa nne, mpunga ukiwa unachanua, mama alifariki. Tulimzika nyuma ya nyumba.

Baba yangu, Melkizedeki, si mtu wa maneno mengi. Matanga yalipokwisha aliniita. "Evodia, mama yako ameniachia wewe na mbegu ile. Nisaidie kuitunza mbegu."

"Ndiyo, baba," nikasema.

Wiki mbili baadaye walinijia bondeni Damiani, mtoto wa jirani, na dada yake Leah, wameshika ndoo.

"Evo, jaruba lenu lina kambare!" Damiani akasema. "Tufungue maji kidogo tu, tuwaokote kwa mikono."

"Thubutu! Baba atanichapa."

"Si utaziba tena?"

"Mwache," Leah akamwambia kaka yake. "Tangu mama yake afe, hachezi na mtu."

Maneno yale yaliniuma. Nilichukua jembe nikakata tuta. Tulipata kambare saba, wanateleza kama sabuni, nasi tukaanguka kwenye tope tukicheka mpaka mbavu zikauma. Sikuwa nimecheka tangu mazishi. Nilipokumbuka kuziba, jaruba lilikuwa limebaki tope tupu. Na mvua zilishakatika.

Wakati ule mpunga ulikuwa umeshika maziwa. Ukiminya punje, unatoka ute mweupe. Siku ya tatu baba aliporudi kutoka Kinampanda kwa shangazi, ardhi ilikuwa imeanza kupasuka.

"Maji yamekwenda wapi?" akauliza.

"Panya, baba. Wametoboa tuta. Nimeshaziba."

Uongo ulinitoka upesi hata mimi nikashangaa. Baba alichimba mashimo ya panya siku mbili nzima, maana maji yoyote yangevuja tena, jasho linamtoka, asipate hata mmoja. Mimi nilikaa pembeni nikimshikia chupa ya maji. Niliona aibu, lakini nilinyamaza.

Tulipovuna, baba aliinua gunia la kwanza kwa mkono mmoja. "Mapepe, hayana kitu ndani," akasema, akaliweka chini. Kesho yake asubuhi, nikitoka kisimani na ndoo kichwani, nilimkuta amechutama kaburini. "Mama Evodia, nisamehe," alikuwa akisema. "Ningekagua tuta mwenyewe, yasingetokea haya." Nilipita nyuma ya nyumba polepole asinione, machozi yakinitiririka.

Siku chache baadaye alikuja bibi shamba wa kata yetu, Agripina, kutusaidia kuchagua mbegu. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akakoroga chumvi katika beseni la maji mpaka yai bichi likaelea. Akalitoa yai, akamimina mpunga. Punje zilizojaa huzama, alisema. Karibu zote zilielea.

"Pole, Baba Evodia," akasema. "Mpunga ukishachanua una kama mwezi mmoja tu wa kujaza punje. Ndipo unapoweka wanga na protini, tena protini nyingi unaitoa kwenye majani yake mwenyewe. Ndiyo maana majani hukauka punje zikijaa. Hiyo ni akiba ya mche. Mche ukiota bado hauna mizizi ya kujitafutia, kwa hiyo unakula ulichowekewa na mama yake. Huu ulikatikiwa maji kabla haujamaliza kuweka."

"Ni kosa langu," baba akasema. "Sikuwaona panya."

"Hakuna panya!" Nililia kwa sauti. "Ni mimi, baba! Nilikata tuta, tukavua kambare!"

Mikono ya baba, iliyokuwa ikiengua mapepe, ilisimama ndani ya beseni. Nilisubiri kofi. Halikuja. Baba alilia, na mimi sikuwahi kumwona akilia, hata siku ya mazishi.

"Ungeniambia siku ile niliporudi," akasema, "tungechota maji kisimani kwa ndoo badala ya kuchimba panya. Tungeokoa hata nusu. Kukata tuta ni utoto, Evodia. Lakini umeniacha miezi miwili nikimwomba mama yako msamaha kwa kosa ambalo si langu."

Jioni nilikwenda kaburini, nikamwomba mama msamaha mimi mwenyewe.

Tulichuja mpunga wote. Zilizozama tukazisuuza na kuzianika. Zilijaa bakuli moja tu.

Mwezi wa kumi na mbili tulizisia kitaluni. Baada ya siku kumi na mbili bibi shamba aling'oa mche mmoja akanionyesha. Ganda la punje lilikuwa bado linaning'inia penye mizizi. Nililiminya. Lilikuwa tupu.

"Umekula akiba yote," akasema. "Sasa una mizizi."

Baba aliuchukua ule mche, akaurudisha kwenye tope, akaushindilia kwa kidole.

"Mama yako naye alikonda akikuwekea wewe," akaniambia. "Akiba yake usiimwage. Na ukikosea, mwanangu, sema mapema, wakati bado tunaweza kuchota maji."

"Nimesikia, baba."

Nikachukua jembe, nikaenda kukagua tuta.