Jiwe Lisilong'aa

Jumamosi ile yadi ya mawe ilifurika watu. Wateja walipishana ubavu kwa ubavu kati ya mabamba yaliyoegemezwa ukutani, wapakiaji wakipaza sauti, "Pisha mzigo! Pisha!", na msumeno wa kukatia granaiti ukilia bila kupumzika. Mkunga alikuwa ametoka zamu, akapita nyumbani kubadilisha nguo. Sasa alikuwa na gauni la njano na viatu vyeupe, mavazi ambayo mwenye akili timamu hayapeleki yadini. Akakatiza nyuma ya mashine. Maji yenye unga wa mawe yakamrukia kuanzia kiunoni hadi vidoleni.

"Mama yangu wee!"

Fundi akazima mashine, akavua miwani ya kazi. Uso mzima ulikuwa mweupe kwa vumbi, isipokuwa duara mbili za macho. Mkunga alitaka kufoka, lakini kicheko kikamtangulia.

"Dada, nisamehe sana. Sasa unacheka nini?"

"Unafanana na bundi."

"Basi bundi anaomba radhi," akasema, akimpa kitambaa safi na kigoda. "Umekuja kutafuta nini, zaidi ya kuoga?"

Alikuja kwa ajili ya jiko la mama yake. Tangu baba afariki waliishi wawili tu, na lile jiko lilikuwa limechakaa: meza ya saruji imepasuka, ukuta wa nyuma ya jiko umeshika mafuta ya miaka, kizingiti cha mbao cha dirishani kimeoza. Alivutiwa na kipande cha marumaru nyeupe. Fundi akachukua nusu limau aliyokuwa akinywea chai, akadondosha tone juu yake. Baada ya dakika chache akalifuta. Palibaki alama hafifu.

"Unaona? Marumaru ni kama moyo wangu. Tone moja tu, doa la maisha."

"Pole yako. Nani alikukamulia limau?"

"Hayo ni ya siku nyingine, dada."

Alipoondoka, Mkunga alikuwa amechagua granaiti nyeusi iliyong'arishwa na vigae vyeupe vya kung'aa vya ukutani. Kipande kimoja cha ile granaiti alikitia mkobani akamwonyeshe mama. Kizingiti cha dirisha tu ndicho alichosema atakifikiria. Akakifikiria wiki tatu, na kila jioni simu ikalia.

"Halo, bundi."

"Halo, mkunga. Umeamua kizingiti?"

"Bado. Jana nilitaka mbao, leo nataka marumaru."

"Mbao itaoza tena, ulisema dirisha lile linapigwa na mvua. Na marumaru, siku ukisahau chupa ya siki hapo, imekwisha."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo fikiria. Kesho nitapiga."

"Wewe unataka jibu, au unataka kupiga simu?"

"Nikishapata jibu, nitapiga kwa sababu gani?"

Mkunga akajitupa kitandani, simu kifuani, akitabasamu peke yake. Jumapili wakatoka matembezi. Fundi alivaa shati la samawati lililopigwa pasi likanyooka, na uso wake ulikuwa umeoshwa ukatakata.

"Kumbe chini ya lile vumbi kulikuwa na mtu!" Mkunga akamtania, na waliporudi walikuwa wameshikana mikono, hakuna aliyejua nani alimshika mwenziwe kwanza.

Siku ya kupima jiko, Mkunga alikuwa kazini. Mama alimkaribisha fundi, akammiminia chai, akaipeleka glasi mezani. Aliiweka hewani, kando kabisa ya ukingo. Fundi akaidaka, ikamuunguza vidole.

"Mama, huoni vizuri?"

Mama akakaa chini taratibu. "Naona katikati, mwanangu. Pembeni ni giza. Na lile jiwe jeusi alilonionyesha linanipiga machoni kama taa za gari."

"Mwanao anajua?"

"Akijua ataninyang'anya kisu na kiberiti. Humu jikoni ndimo ninamobaki mtu mzima." Akamshika mkono. "Niwekee jiwe la rangi nyepesi lisilong'aa, vikombe vyangu vyeusi vionekane juu yake. Ukingoni nichoree mstari mweusi. Ukutani vigae vya buluu, vile vilivyofifia. Na kizingiti kiwe cha jiwe hilohilo, kipana, niegemee. Halafu niapie hutamwambia."

Fundi hakupenda. Lakini kumkatalia mama yule aliyekuwa karibu kulia, ulimi ulimwia mzito. Akaapa, kwa ahadi kwamba mama mwenyewe atasema kabla kazi haijaisha.

Mama hakusema.

Wiki mbili baadaye, siku ya kufunga mawe, Mkunga alirudi kutoka kazini, akasimama mlangoni mwa jiko na sare yake ya kazi. Badala ya granaiti nyeusi inayometa aliona jiwe la kijivu, butu, na ukuta wa buluu.

"Hiki ni nini?"

Fundi akamtazama mama. Mama akainamisha uso.

"Nilibadilisha mimi," fundi akasema. "Nisamehe."

"Umeniletea masalia ya kazi ya watu? Simu zote zile, kila siku kizingiti, kizingiti, na hili hukunitajia?" Akamwonyesha mlango. "Nimechoka kuamuliwa mambo yangu nyuma ya mgongo. Kusanya vyombo vyako."

Akakusanya. Jioni ile simu haikulia, wala iliyofuata.

Simu ya mama, hata hivyo, ililia kila adhuhuri. Siku ya nne Mkunga aliingia nyumbani mapema, viatu mkononi kwa kuumwa miguu, akasikia sauti kutoka kwenye simu iliyofunguliwa spika.

"Mama, umemwambia?"

"Kesho, mwanangu."

"Kesho asubuhi nakuja kumwambia mwenyewe. Akituchukia, bora atuchukie wewe ukiwa bado unaona."

Mama akakata simu. Akanyoosha mkono kutafuta kikombe. Kidole kikafuata mstari mweusi wa ukingoni, polepole, mpaka kikakifikia. Viatu vikamdondoka Mkunga.

"Mama, unaona vidole vyangu?"

Akavipeleka pembeni ya uso wa mama. Mama hakugeuka. Machozi ndiyo yaliyojibu, kisha maneno yote yakafuata. Mkunga hakufoka. Alikaa sakafuni, kichwa mapajani pa mama yake.

"Nakagua watu kutwa nzima," akanong'ona, "na wewe sikukuona."

Asubuhi fundi alipofika alikuta mlango umefungwa. Walikuwa hospitalini. Presha ya macho, daktari alisema. Kilichopotea hakitarudi, lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa za matone, kila siku bila kukosa.

Mkunga akaenda yadini akiwa na karatasi ya daktari mkononi. Fundi alipomwona akazima msumeno.

"Nina hasira na wewe," Mkunga akasema.

"Najua."

"Si kwa jiwe. Kwa zile wiki. Macho hayangoji mtu."

"Niliapa kiapo nisichopaswa kuapa. Sina la kujitetea."

"Na mimi nilikufukuza mbele ya mama, wewe ukambebea lawama." Akaikunja ile karatasi. "Jana alikata vitunguu peke yake juu ya lile jiwe, akiimba."

Fundi akafuta mikono kwenye suruali, haikusaidia kitu. Mkunga akaikamata mikono hivyohivyo, na vumbi lake.

"Nimekukumbuka, mpenzi," fundi akasema taratibu.

"Ungekumbuka kwa simu."

Miezi ikapita. Alasiri moja ya Jumapili walikuwa jikoni, Mkunga, katika gauni la maua madogo, akikoroga mchuzi, fundi akiosha vyombo, mikono ya shati imekunjwa. Akafunga bomba ghafla.

"Nataka nikuoe."

Mwiko ukasimama. "Umeshazungumza na mama?"

"Hapana. Safari hii nimeanza na wewe."

Mkunga akageuka kumtazama. "Nina sharti moja. Usinifiche kitu kwa kunihurumia."

"Sitakuficha."

"Hata kikiwa kinauma?"

"Hasa kikiuma."

"Basi ndiyo," akasema. "Ndiyo, bundi wangu. Ngoja nikamwambie mama."

"Usijisumbue!" sauti ikatoka ukumbini. "Macho ndiyo mabovu, masikio yangu mazima! Zimeni jiko, mchuzi unaungua, halafu njooni mnikumbatie."