Pembe za Baiskeli ya Eddy

Kila asubuhi Eddy alikwenda shuleni mjini Baraka kwa baiskeli aliyoachiwa na marehemu mjomba wake. Ilikuwa ya zamani, ya mashindano, usukani wake umepinda kama pembe za kondoo dume. Alikuwa ameuteremsha mpaka mwisho, pua ikikaribia kulamba gurudumu. Njia ilikuwa nusu saa ya mashimo matupu, na kila aliyeendesha akiwa wima Eddy alimdharau.

"Ona ule papa!" alimwambia rafiki yake Casimir, akimwonyesha mzee aliyeketi wima kwenye kinga, yaani baiskeli yake. "Anakaa juu ya kinga sawa iko kwa kiti ya kanisa!"

Papa alifika salama, akaenda zake. Bingwa wetu alifika mgongo umekunjika, vidole vimekufa ganzi. Daftari lake lilionekana kama uwanja wa kuku.

"Vidole yako iko na nini?" aliuliza mwalimu wao, Madame Suzanne.

"Malaria, Madame."

"Malaria ya vidole! Hiyo ni mupya!" Darasa likaangua kicheko. "Mtihani wa mwisho ni Jumatatu. Hawatakupa alama kwa hizi nyayo za kuku. Utarudia mwaka."

Eddy aliacha kutabasamu. Casimir aende sekondari, yeye abaki na watoto? Jioni alisukuma baiskeli mpaka kwa Mama Godelieve, fundi wa karibu na soko.

"Nani aliteremusha hii usukani?"

"Ni mujomba..."

"Unasingizia mufu? Kinga ya mujomba yako nilitengeneza mi mwenyewe!"

Eddy aliinamisha kichwa. "Ni mi, Mama. Nilitaka kuonekana sawa batu ba mashindano."

"Bale banashindana. We unaenda kusoma!"

Akalegeza bolti, akagonga kwa kipande cha mti mpaka kabari ya ndani ikaachia, akainua usukani kwa upana wa vidole vitatu na kuzilaza pembe sawasawa.

"Pandisha mpaka juu kabisa, Mama!"

"Kichwa ngumu! Unaona hii alama ya mwisho ku chuma ya usukani? Ikitoka inje, usukani utabakia mu mikono na we utabakia mu mutaro."

Jumatatu Eddy alifika mgongo umenyooka, akaandika mtihani mzima bila kukung'uta vidole. Alipotoka, alimfuata mwalimu, akakiri yote.

"Kinga ni ya kukubeba we," alisema Madame Suzanne. "Ukiteseka ili batu bakuangalie, ni we unaibeba. Na mwili ukiuma, sema kweli: nani atatibu kitu unaficha?"