Mgeni wa Chumba cha Mfano

Siku ile ilianza kama siku zetu zote za Guangzhou: tumeamka tumechoka. Ilikuwa Januari 2007, biashara imechanganya, viwanda vinakaribia kufungwa kwa mwaka mpya wao, na kila mtu anataka mzigo wake utoke leo hii. Mimi nilikuwa nachukua nguo za jumla soko la Shahe, miguu imevimba kama maandazi. Ilham, mdogo wangu wa tumbo moja, alikuwa na kazi ya maana zaidi. Anakijua Kichina, basi akawa mkalimani na mkaguzi wa bwana mmoja Mswidi aliyekuwa anafungua hoteli ya kifahari Stockholm. Vitanda, taa, mpaka vitasa vya milango, vyote vilitengenezwa huku, na Ilham ndiye wa kuhakikisha havina kasoro. Usingizi aliupata kwenye mabasi.

Mwanawe Salha alikuwa kwa mama yetu, Temeke. Alimwacha hajaota meno, sasa anaimba kwenye simu. Mama alishaniambia kwa ukali, kwa jina langu la utotoni: "Bimdogo, safari hii usirudi peke yako." Nikamwapia. Tiketi zetu zilikuwa za Ijumaa.

Jumatatu akanipeleka kiwandani kuona chumba. Wenye hoteli hizi, kabla ya kuagiza vitu vya vyumba vyote, hujengewa kimoja kamili ndani ya ghala, kama mfano. Kikishakaguliwa kinavunjwa, kinapakiwa, kinasafirishwa na wenzake. Basi pale katikati ya maboksi na vumbi la mbao palikuwa na mlango umesimama, una namba yake kabisa.

Wafanyakazi wa pale walikuwa na desturi. Chumba cha hoteli hawakiingii hivihivi, hata kiwe kipya. Wanagonga, wanasogea pembeni, wanasubiri kidogo. Msimamizi wao, mama mmoja mnene tuliyemwita laoban kama tunavyowaita mabosi wote, alimweleza Ilham sababu: unagonga ili aliyemo apate nafasi ya kutoka.

Sisi tumelelewa vingine. Sisi tunabisha ili tukaribishwe.

"Hodi," akasema Ilham, kwa mazoea tu.

"Karibu."

Sauti ya mwanamke, ya upole. Nikajua ni Ilham anajijibu kwa utani. Baadaye aliniambia alidhani ni mimi.

Tukaingia. Jamani, nilitegemea dhahabu! Kuta nyeupe, sakafu ya mbao iliyopauka, kiti kimoja kimetupiwa ngozi ya kondoo, taa kama yai. Bafu zuri, ila mabomba hayajaungwa popote. Dirishani wamebandika picha kubwa ya Stockholm yenye mwanga nyuma yake: maji, mapaa, theluji. "Hiki ndicho watu wanachouzia shamba?" nikamuuliza. Ilham akacheka, akajilaza kitandani kukipima, maana ndiyo kazi yake. Akalala fofofo.

Nilimwamsha kwa shida. "Dada," akasema, "sijawahi kulala hivi tangu nizaliwe."

Kesho yake akarudi wakati wa chakula cha mchana. Keshokutwa pia. Uso ukamng'aa, nami mwanzoni nikafurahi, kusema kweli nikamwonea na wivu. Lakini Alhamisi Salha alipiga simu, akaimba wimbo wake wote, na Ilham akaniachia simu mkononi akaenda kuvaa viatu. Nikamwambia, "We Ilham, mwanao huyo!" Akanitazama kama niliyemtajia mtoto wa jirani. Hapo ndipo nilipoogopa.

Ijumaa mchana hapatikani. Ndege ni jioni. Nikakodi teksi mpaka kiwandani.

Ghala lilikuwa wazi, jua limejaa mpaka ndani. Mafundi waliokuja kukivunja chumba wamesimama nje yake na bisibisi mkononi. Hakuna anayeingia. Laoban midomo imemkauka.

"Nimegonga tangu asubuhi," akaninong'oneza kwa Kiingereza cha kuungaunga. "Hatoki."

Sikupiga hodi. Ng'o. Nikasukuma mlango.

Ilham amelala upande wa ukutani. Upande wa pili wa kitanda hakuna mtu. Shuka limebonyea tu. Nikaangalia tena. Lile bonde lilikuwa linapanda. Linashuka. Linapanda.

"Ilham. Inuka. Ndege."

"Mwenyeji amelala, dada." Macho kayafumba. "Nitaondokaje bila kuaga?"

Nikamshika mkono.

"Mwache," ikasema ile sauti, kutoka pale palipobonyea. "Amechoka."

Nikakaza mkono.

"Hata wewe umechoka."

Na wallahi nilikuwa nimechoka. Nilichoka Shahe, nilichoka masoko ya Zhanqian, nilichoka miaka. Godoro lilikuwa karibu, jeupe, laini. Nikamkumbuka mama. Nikaanza Ayatul Kursi, nikakosea, nikaanza upya, nikavuta kwa nguvu zangu zote.

Nguvu zile hazikuhitajika. Ilham alikuja mwepesi, kama robota la mitumba lililokwisha kufunguliwa na kutolewa nguo.

Tulipokuwa tunasubiri teksi, mafundi wakaingia mmojammoja, wakaanza kutoa vitu. Lile godoro walilibeba wanaume wanne, na bado liliwalemea. Walilitua njiani mara mbili, wakatazamana. Ilham alilisindikiza kwa macho mpaka lilipoingia kwenye kontena la kwenda bandari ya Nansha. Kisha akageuka, akanishika mkono, akasema twende nyumbani. Nikalia kwa furaha.

Temeke walitupokea kwa vigelegele. Mama alimkumbatia Ilham hataki kumwachia, Salha akamganda mguuni, na Ilham akambusu, akamwita kwa jina. Nikasema Alhamdulillahi, yamekwisha. Baada ya pilau akaenda kujilaza na mtoto, mimi nikabaki uani, miguu ndani ya beseni la maji.

Salha akatoka amejifunga khanga mbili. Anatetemeka.

"Mama mkubwa," akaninong'oneza, "mama anatoa moshi."

Nikamfuata chumbani. Ni Januari, joto la Dar mnalijua, feni inapuliza hewa ya moto, jasho linanichuruzika mgongoni. Ilham alikuwa amelala chali, anatabasamu. Kila akipumua, mdomoni mwake unatoka mvuke mweupe, kama watu wa nchi za baridi wakiwa nje asubuhi. Unapanda kidogo. Unapotea. Kwenye kope zake kulikuwa na vitu vidogo vyeupe, kama theluji ya ile picha ya dirishani, na havikuyeyuka.

"Tumwamshe?" Salha akauliza.

Nikanyoosha mkono hadi karibu na bega lake. Nikaurudisha. Sikujua nikimwamsha ataamkia wapi.