Kompyuta Iliyobaki Nyepesi

Saa mbili na nusu asubuhi, duka la intaneti lilipofunguliwa, kompyuta zilikuwa nzito kupita kiasi. Ukurasa mmoja wa habari ulijikokota dakika nzima, kisha yakamwagika matangazo: viatu, mikopo, dawa za upara, na video iliyopiga kelele bila kuombwa. Wateja walisonya, wakaanza kutoka mmoja mmoja.

“Fundi, umeniharibia kazi!” bosi alifoka mbele yao. “Mzembe mkubwa wewe. Kusanya vitu vyako!”

Fundi, dada mwenye mdomo kwelikweli, siku hiyo aliinama tu kukusanya nyaya zake. Wiki ile ndiyo alikuwa akabidhiwe tawi jipya.

Shangazi yake bosi, mpelelezi mstaafu, alikuwa amekuja kutoa kopi tu. Akavuta kiti.

“Laini ya intaneti je?”

“Nzima, mama, nimeipima,” fundi alijibu. “Vizuia matangazo ndivyo vimefutwa. Vikiwepo, kurasa hazipakui uchafu wote ule, zinafunguka haraka. Jana nilipotoka vilikuwepo.”

“Umekagua kompyuta zote?”

“Bado ile ya kona. Meneja hajainuka tangu afike. Na jana ndiye aliyefunga duka.”

Meneja alikuwa mdogo wake bosi. Cheo alijipa mwenyewe. Kazi yake hasa ilikuwa kutazama mpira.

“Shikamoo shangazi,” alisema bila kugeuka. “Hayo mavitu mimi siyajui. Hata hapa kwangu kumeganda tangu asubuhi.”

“Marahaba. Hebu nifungulie ule ukurasa wa habari.”

Akasitasita. Shangazi akabofya mwenyewe. Ukurasa ulifunguka papo hapo, bila tangazo hata moja.

“Umefuta kwa wenzako,” shangazi alisema, “kwako ukashindwa kuvumilia.”

Meneja alikuna kichwa. “Nilitaka dada aone huyu fundi wake hafai. Mimi ni damu yake, halafu tawi anapewa mtu baki?”

Bosi aliona aibu hadi machozi yakamlengalenga. “Toka,” alimwambia mdogo wake, “nisije nikakuvunjia heshima mbele ya shangazi.” Kisha akamgeukia fundi. “Tafadhali virudishe, mdogo wangu.”

“Nitavirudisha, dada, si kazi kubwa. Lakini mzembe umeniita mbele ya wateja.”

Wawili watatu walikuwa bado nje, wakingoja. Bosi alifungua mlango, akasimama kizingitini, akaanza kumwomba fundi radhi kwa sauti ile ile aliyomfokea nayo.