Nyayo Kwenye Saruji Mbichi

Saa sita na dakika thelathini na tano mchana, siku ya Alhamisi, Fundi alifungua mlango wa sebule, akatazama chini, na mzigo wa mbao aliokuwa nao begani ukaanguka kwa kishindo kilichosikika nyumba nzima.

Asubuhi ile, saa mbili kamili, alikuwa amemwaga saruji laini ya kusawazisha chumba kizima, ili Ijumaa atandaze sakafu mpya ya mbao mahali palipokuwa na zulia kuukuu. Aliilainisha kwa mwiko akirudi kinyumenyume hadi mlangoni, akafunga mlango, akawaambia wenye nyumba asikanyage mtu kabla ya saa tisa. Sasa saruji ilikuwa imejaa nyayo. Zilianzia mlangoni, zikazunguka chumba kizima, zikarudi mlangoni.

"Jamani," Fundi alisema polepole, "humu ndani kumepiganwa."

Ilipofika saa saba, Mkaguzi alikuwa ameshaingia, mkoba begani na kijitabu mkononi.

Huyu alikuwa mtoto wa pekee wa nyumba ile, na kazi yake ilikuwa kukagua madai ya bima. Alishawahi kukutana na mtu anayeapa kwamba televisheni zake tatu zimeungulia kwenye chumba kisicho na hata soketi. Hadanganyiki kirahisi. Sakafu mpya ilikuwa zawadi yake kwa wazazi, na yeye ndiye aliyemtafuta Fundi. Bahati mbaya zawadi ilizaa balaa. Mama alisema zulia limemchosha kwa vumbi, liondolewe haraka. Baba alisema zulia halitoki mpaka atoke yeye. Walibishana jioni moja, zulia likaishia barazani, kisha wakanuniana, na leo ilikuwa siku ya kumi na moja bila kusemezana. Watu wazima na mvi zao, wanakaa chini ya paa moja na kutumiana ujumbe kupitia simu ya binti yao. Jambo hilo lilimuuma Mkaguzi kuliko alivyotaka kukiri.

"Fundi wako aondoke," Mama alimpokea, mikono kiunoni. "Ameleta watu wake humu, wamecheza mpira sijui, halafu anatuzuga. Saa kumi nisimwone. Na umwambie baba yako ajue."

Baba alikuwa ameketi kwenye kiti cha ukumbini, hatua mbili kutoka hapo, uso nyuma ya gazeti.

"Mwambie mama yako nimesikia," alisema.

Fundi alimvuta Mkaguzi pembeni. "Dada, miaka kumi na minane nafanya kazi hii. Nikitoka hapa kwa jina la uzembe, mtaa huu sitapata tena hata kigae cha choo. Nakuomba."

Mkaguzi hakuhitaji kuombwa. Fundi akifukuzwa, chumba kitabaki saruji tupu, na kila mmoja wa wazazi wake atasema mwenzake ndiye aliyesababisha. Siku kumi na moja zingekuwa mwaka. Aliandika: saa saba na dakika kumi. Kisha akapiga magoti mlangoni.

"Hebu niambie tabia za saruji hii."

"Ukiikanyaga kabla ya saa nne, inajifunga yenyewe, huoni kitu. Ikishapita saa tano, imekaza, haipokei alama."

"Kwa hiyo walipita kati ya saa nne na saa tano. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilitoka saa tatu na nusu kufuata mbao." Fundi alitoa karatasi ya mzigo iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa na mhuri wa ghala: saa nne na dakika arobaini. Kutoka pale hadi ghalani ni mwendo wa saa moja. Isitoshe, buti zake zilikuwa na meno, na kwenye saruji hapakuwa na alama ya jino hata moja.

Mkaguzi alilikata jina la Fundi kwa mstari kijitabuni, akarudi kwenye nyayo. Zilikuwa za watu wawili. Mmoja alikuwa na mguu mdogo, mtupu, vidole vitano vinaonekana vizuri. Wa pili alikuwa na mguu mrefu usio na vidole, na ndani ya alama kulikuwa na vistari vidogo vya kufumwa. Aliandika: soksi.

Alikwenda jikoni kunywa maji, akasimama ghafla. Redio ya Baba, ambayo tangu yeye yuko shule haijawahi kutoka kwenye stesheni ya habari, ilikuwa inapiga muziki wa zamani.

"Nani amegusa redio?"

"Shangazi yako!" Baba alijibu upesi kutoka ukumbini. Kwa mtu aliyezama kwenye gazeti, masikio yake yalikuwa macho sana.

Shangazi, dada yake Baba, alikaa mtaa wa pili. Alipigiwa simu na kufika baada ya dakika kumi, akihema na kufurahi, maana vurugu za watu wengine alizipenda.

"Ndiyo, nilikuja," alisema. "Saa nne kamili, na mwenye mkokoteni. Nilichukua lile zulia mlilolitupa barazani. Zulia zima kabisa! Redio niliigeuza mimi. Nyumba ilikuwa kimya kama chumba cha mtihani, mmoja jikoni, mmoja ukumbini. Saa nne na dakika tano nikaondoka, kamuulize mwenye mkokoteni."

"Sebuleni hukuingia?"

"Niingie kufanya nini?"

"Shangazi, naomba mguu wako."

Shangazi alivua kiatu bila kinyongo, akaunyoosha mguu juu ya unyayo ulio karibu na mlango. Ulilingana na ule wa soksi, kisigino kwa kisigino, ncha kwa ncha. Mama alipiga makofi.

"Si huyo! Nilijua! Amekuja kuniharibia!"

"Wifi, mimi soksi sijavaa tangu nimalize shule," Shangazi alisema. "Lakini mguu huu ni wa ukoo wetu, hilo sikatai. Marehemu baba alikuwa anatengenezewa viatu."

Gazeti la Baba lilipanda kidogo, likamficha hadi kipaji cha uso.

Saa nane na robo Mkaguzi alitoka uani kupunga upepo. Kwenye uzio zilining'inia nguo za Baba, ambaye tangu ugomvi uanze alikuwa anajifulia mwenyewe: shati limekunjamana, suruali imeanikwa mguu mmoja. Mama alikuwa ameapa mbele ya mashahidi kwamba hatafua hata leso ya mtu yule. Ila kwenye kamba, mbali na uzio, ilikuwepo jozi moja ya soksi za kijivu, bado zinachuruzika maji. Zilikuwa zimebanwa kwa kibanio kimoja, ncha kwa ncha, zimenyooshwa. Ni mtu mmoja tu katika nyumba ile aliyeanika soksi namna ile.

Mkaguzi alijiziba mdomo asicheke kwa sauti. Kisha akachutama kwenye ngazi na kucheka hadi machozi yakamtoka.

Saa tisa na nusu aliwakusanya wote ukumbini. Fundi alikuwa ameshafunga begi lake la vifaa. Mama alitazama saa ya ukutani.

"Fundi alidhani watu wamepigana," Mkaguzi alianza. "Lakini wanaopigana hukanyagana. Hawa, mmoja akienda mbele, mwenzake anarudi nyuma. Wamezunguka chumba mara mbili, wakageuka kwenye kona nne, na hakuna aliyemgusa mwenzake hata kidole. Hawa walikuwa wanacheza muziki. Na wamezoeana miaka mingi."

Baba aligeuza ukurasa wa gazeti.

"La pili. Mmoja aliingia mguu mtupu, wa pili na soksi. Nani huvua viatu kuingia kwenye chumba cha saruji? Fundi havui. Shangazi angeingia na viatu vyake. Wanaovua pale mlangoni ni wale waliokatazana miaka thelathini na tano kukanyaga zulia na viatu. Zulia limeondoka, mazoea hayajaondoka. Mama, naomba uvue ndala."

Mama aliangalia dari kana kwamba hajawahi kuiona.

"Mwambie mama yako avue tu," Baba alisema nyuma ya gazeti. "Mambo yamekwisha."

"Mwambie baba yako anyamaze! Yeye ndiye aliyeanza!"

"Mimi? Nani aliyenyoosha mkono?"

"Nilinyoosha kwa sababu ulisimama mlangoni unatikisa bega! Ulitaka nifanyeje?"

"Bega langu lilikuwa linauma!"

"Linauma kwa mdundo?"

Shangazi alianza kucheka, Fundi akamfuata. Mkaguzi aliangalia saa yake na kuandika: saa tisa na dakika arobaini na mbili, wamesemezana.

Mama alivua ndala. Ufa wa kisigino chake ulikuwa na mstari wa kijivu ambao jiwe la kusugulia lilishindwa kuutoa.

"Nilifungua mlango nione kama imekauka," alisema, sauti imeshuka. "Na yeye akaja kuchungulia. Wimbo ukaanza. Chumba kilikuwa kitupu vile, hakina kiti wala meza, kama tulipohamia. Enzi hizo kila Jumamosi tulicheza humu hadi majirani wakachoka. Tukasahau kama kuna saruji. Ila hatukuongea! Kucheza siyo kuongea."

"Hakuna aliyeshindwa," Baba aliongeza.

"Soksi yake iliponata ndipo tukazinduka. Sasa nikiri vipi, wakati nimemnunia mtu siku kumi na moja? Nikamsukumia Fundi." Alimgeukia. "Fundi, nimekuonea. Nisamehe, mwanangu. Fungua begi lako."

"Nimesamehe, mama," Fundi alisema, zipu ikiwa tayari nusu. "Mashimo yenyewe ya kuziba asubuhi tu."

Mkaguzi alikuwa bado na swali moja, na hili halikuwa la kazi.

"Mbona mliacha kucheza?"

Baba aliliweka gazeti chini, mara ya kwanza tangu mchana. "Zulia linashika mguu. Huwezi kugeuka."

"Sasa kwa nini mlilinunua?"

Wazazi wake walitazamana, kila mmoja akimwachia mwenzake aseme.

"Ulianza kutambaa," Mama alisema. "Saruji ilikuwa inakuchubua magoti, unalia. Baba yako alikwenda akalibeba begani kutoka dukani, kwa miguu."

"Nalipenda kwa sababu hiyo," Baba alisema. "Wewe ulitambalia pale. Nikaona mnataka kulitupa kama takataka."

Mkaguzi alifungua kijitabu chake. Humo kulikuwa na nafasi ambayo huiacha wazi hadi mwisho, ya kuandika chanzo cha hasara. Aliandika: mimi. Kisha akawakumbatia wote wawili kwa pamoja, Baba akilalamika kwamba anabanwa bega.

Ijumaa saa kumi na moja jioni Fundi aliweka pimamaji juu ya ubao wa mwisho, akaangalia, akaridhika. Shangazi alikuwa ameleta kipande cha zulia alichokikata mwenyewe, cha kuweka chini ya kiti cha Baba. Baba alikipokea kwa mikono miwili. Halafu akavua viatu mlangoni, akaingia na soksi zake za kijivu, akajigeuza taratibu katikati ya chumba.

"Inageuka?" Mama alimuuliza yeye mwenyewe, bila kumtuma mtu.

"Njoo uone," Baba alisema, na kunyoosha mkono.